Mwaka Meli ya Barafuni Ilipokuja Doha

Zuhura alizikwa kabla sijafika Mombasa. Nilitoka Voi alfajiri, lakini watu wake hawakawii na maiti, na nilipoingia uani kwao Kisauni wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wanawake wamejaa kwenye mikeka, na jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ya mchuzi ambayo hakuna aliyekuwa na haraka nayo. Nilivua viatu, nikapewa leso nijitande. Shangazi yake mmoja, ambaye sikuwahi kumwona, alinitazama kwa muda kisha akauliza, "Wewe ndiwe yule wa Doha?" Nikasema ndimi. Akasogea, akanipa nafasi ukutani, pahali pa watu wa karibu.

Nimekuwa mambo mengi tangu wakati ule. Nimefundisha chuo, nimeolewa, nimelea watoto ambao sasa wananizidi kimo. Lakini kwa watu wale mimi ni yule wa Doha, na sikuona haja ya kuwasahihisha. Mimi na Zuhura tulilala chumba kimoja mwaka mmoja tu, mwaka 2010, halafu tukabaki kupigiana simu siku za Idd na Krismasi. Sitasimulia kwetu wala jinsi nilivyofika Ghuba; aliyepita njia hiyo anaijua, na asiyeipita ameshaisikia kwa ndugu yake. Nitaanza na chumba, kwa sababu nilipokaa pale ukutani, katikati ya visomo, si uso wa marehemu ulionijia kwanza. Ni chumba.

Kilikuwa Najma, nyuma ya duka la nyaya na swichi, ndani ya jumba la zamani ambalo wenyewe walilihama na mtu mwingine akaligawa kwa mbao. Sebule yao ya kupokelea wageni ndiyo iliyozaa vyumba vyetu. Darini kulikuwa na ua kubwa la plasta, na ukuta wa mbao ulilikata katikati, nusu ikawa yetu na nusu ya Wafilipino wa upande wa pili. Tulikuwa na vitanda vitatu, jiko la umeme la sahani moja lililowekwa juu ya friji, na kiyoyozi cha dirishani kilichodondosha maji kwenye ndoo. Maji hayo Zuhura aliyatumia kupigia deki, akisema ni dhambi kuyamwaga katika nchi isiyo na mto. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alisafisha nyumba za kupangisha kule The Pearl, ghorofa zenye mabaraza yanayotazama bahari, na alirudi kila jioni akinuka limau ya sabuni. Beatrice, wa Kakamega, alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo iliyotibu wafanyakazi wa Industrial Area. Mimi nilikuwa na shahada ya sosholojia na mdomo. Sikuweza kusikia jambo bila kuuliza nani kasema na amejuaje. Zuhura aliniita Msomi, na hakuwa ananisifu.

Kazi yangu ilikuwa kwa wakala wa meli, ofisi ya watu wachache karibu na bandari ya zamani. Mwajiri wetu, Bwana Kurien kutoka Kerala, alikuwa mtu mpole aliyekunywa karak, chai nzito ya maziwa, kutwa nzima na kuogopa simu. Meli zilizokuwa zikija Doha zilituma ripoti kila adhuhuri kwa barua pepe ya setilaiti: ziko wapi, upepo ukoje, mafuta yamebaki kiasi gani, mabaharia wana hali gani. Mimi nilizisoma, nikazinakili, nikawapelekea wanaohusika. Mwezi wa Januari tukapata uwakala wa meli ambayo haikufanana na nyingine. Ilikuwa nyekundu, fupi, pana tumboni, na jina lake lilikuwa la kule kaskazini mwa Ulaya, lisilotamkika. Kwa miaka mingi ilikuwa ikipeleka mafuta, unga, mbao na wataalamu katika vituo vya utafiti vilivyo kusini kabisa mwa dunia, juu ya barafu, ambako meli huja mara moja kwa mwaka na isipokuja watu hula makopo mpaka mwaka mwingine. Sasa ilikuwa imezeeka. Ule ulikuwa msimu wake wa mwisho. Ingeshusha shehena katika kituo cha mwisho, ingepakia takataka za mwaka mzima pamoja na wataalamu waliomaliza zamu, ingewashusha Cape Town, kisha ingekuja Doha, alikopatikana mnunuzi aliyetaka kuigeuza bweni la wafanyakazi wa visima vya gesi baharini.

Nililitaja jina la meli hiyo chumbani siku moja tukila maharagwe ya nazi, nikalivuruga kama kawaida. Zuhura akanisahihisha bila kuinua kichwa. Nikauliza amelijuaje. Akaweka kijiko chini.

"Mume wangu yumo," alisema. "Athumani. Ndiye mpishi."

Alikuwa hajamwona kwa misimu miwili. Likizo zao hazikuwahi kukutana; akirudi huyu, yule yuko kazini. Nilimweleza Bwana Kurien, naye, labda kwa sababu mkewe mwenyewe alikuwa Kerala, akamwandikia nahodha. Nahodha akajibu kwamba mwishoni mwa ripoti kuna sehemu ya maelezo mengine ambayo haijazwi na mtu, na mpishi anaweza kuitumia, mradi asizidi mstari mmoja. Ndivyo nilivyogeuka kuwa tarishi wa mapenzi ya watu wawili walionizidi umri. Kila jioni Zuhura aliingia, akavua viatu, akakaa kitandani kwake na kusema, "Haya, leta." Nami nikasoma kutoka kwenye karatasi: *Mwambie Zuhura leo n'mewapikia pilau, wataalamu wameramba sahani.* Au: *Kuna ndege huku watembea kama mjomba wako Bakari.* Au ule uliomfurahisha kuliko yote: *Jua halitui. Naswali magharibi kwa saa ya Mombasa.*

"Nani kampa ruhusa hiyo?" nikauliza. "Si kuna utaratibu? Amemuuliza shehe gani?"

"Wewe Msomi," alisema Zuhura, "mtu yuko kwenye barafu na bado yuwaifuata saa ya kwao. Wataka na stakabadhi?"

Beatrice alicheka mpaka akaegemea friji. Mara nyingine yeye ndiye aliyenihimiza: "Soma tena hiyo ya ndege, na usome na sauti ya mapenzi, si kama unasoma bei ya mafuta." Nilidhani wakati ule kwamba nilikuwa nikichunguza kitu fulani, ndoa za mbali, uhamiaji, jambo ambalo ningeliandikia tasnifu siku moja. Ninapokumbuka sasa naona nilikuwa nikingoja ule mstari kama wao. Ofisini nilianza kusoma ripoti kutoka chini kwenda juu.

Meli ilifika Cape Town, ikashusha watu, ikaanza kupanda kuelekea kwetu. Mistari ikabadilika. Ilikuwa meli iliyojengwa kuzuia baridi: kuta nene, madirisha madogo, mabomba ya kupasha joto kila chumba, na hakuna kiyoyozi hata kimoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri ingefika huku. *Leo tumevua makoti*, aliandika. Halafu: *Jikoni moto hautoki.* Halafu: *Twalala sitahani, chuma chachoma.* Mwezi wa Mei ulikuwa umeingia, na hata sisi Doha tulishaanza kutembea tukifuata vivuli vya kuta. Beatrice alisikiliza mistari hiyo bila kucheka. Zahanatini kwake msimu ule wa joto ulikuwa umeanza mapema, watu wakiletwa kwa basi la kampuni wakiwa wameanguka kazini. "Akiandika tena," alisema, "mwambie anywe maji na chumvi. Na mtu akianguka, kitu cha kwanza muulize rangi ya mkojo. Ukiwa kama chai ya rangi, hapo si uchovu tena, hapo figo zinaenda."

Siku mbili baadaye mstari ulikuwa huu: *Mpishi amepumzika. Naandika mimi Shomari wa Tanga.*

Niliusoma nikiwa nimesimama. Shomari tulimjua kwa jina, alikuwa fundi wa mashine, na Athumani alishawahi kumtaja. Lakini lile neno. Kwetu, kanisani, kwenye matangazo ya redio, kwenye picha za marehemu zinazobandikwa kwenye nguzo, mtu akipumzika basi tunaanza kuchanga. Nilitazama sehemu ya juu ya ripoti, kwenye hali ya mabaharia, na pale paliandikwa kwamba wote wazima, hakuna la kuripoti. Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi nilitoa ripoti za nyuma nikazilinganisha, nikaona maneno hayo hayakuwahi kubadilika hata herufi, pamoja na siku ile mtu alipovunjika kidole na Athumani akatuambia. Walikuwa wakinakili tu. Nikamwandikia nahodha. Jibu halikuja. Kilichokuja ni taarifa fupi kwa Bwana Kurien: meli inaingia eneo la maharamia wa Kisomali, na kuanzia sasa haitatuma ripoti wala kupokea mpaka itakapovuka.

Sikuficha. Nilimsomea Zuhura jioni ile ile, kwa sauti ile ile, neno kwa neno. Akaniambia nisome tena. Nikasoma.

"Alhamdulillahi," alisema. "Amechoka, amepumzika. Mwezake akamwandikia. Mna nini nyinyi, mbona mwanitazama hivyo?"

Beatrice alikuwa akikunja sare yake. "Da Zuhura, mimi sisemi kitu."

"Sema."

"Aki, kwetu mtu akipumzika tunachinja ng'ombe."

"Basi kwenu mwachinja ng'ombe bure. Kwetu mtu akipumzika, halafu huamka akala. Wewe Msomi, na wewe wasemaje? Leo huulizi nani kasema?"

Nikajibu kwamba Shomari ni wa Tanga, na sijui watu wa Tanga husemaje. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu lote, na lilikuwa la kweli. Lugha niliyozaliwa ndani yake, niliyoifanyia mitihani na kupata alama za juu, ilikuwa imenifikisha kwenye neno moja na kuniacha hapo. Nilitaka kumpigia mtu simu Tanga, yeyote, nimuulize: kwenu neno hili mnalitumiaje? Na nilimpigia kweli, siku iliyofuata, dereva mmoja Mtanzania aliyekuwa akileta vifurushi ofisini. Akafikiri, akasema, "Inategemea, dada. Nani kapumzika?"

Siku zile za kimya sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka kwamba hakuna aliyelitumia tena lile neno chumbani, Beatrice akirudi kutoka zamu ya mchana alisema, "Nanyoosha mgongo." Nakumbuka Zuhura akipika kupita kiasi, samaki wa kukaanga, mahamri, wali, sahani zikapelekwa hadi kwa Wafilipino, kama mtu aliyeogopa sufuria ikikaa tupu. Nakumbuka Ijumaa, ambayo kwa Wakristo wa Doha ndiyo Jumapili, Beatrice aliniburuta kanisani, mimi niliyekuwa nimeshaacha kwenda, na alipoweka jina la Athumani kwenye maombi mchungaji akauliza tumwombee kama mgonjwa au tuombee familia. Beatrice akanigeukia. Nikasema, "Mwombee tu, Mungu atajua pa kuyapeleka." Lilikuwa jibu la kejeli, lakini nililisema bila kejeli, na jambo hilo lilinitia hofu zaidi.

Zuhura alituambia kwamba kule The Pearl, akimaliza kufuta vioo vya baraza, alikuwa akisimama pale kidogo kutazama bahari. Mwenye nyumba mmoja akamkuta. "Nikamwambia natafuta doa," alisema. "Akanisaidia kutafuta."

Kisha asubuhi moja Bwana Kurien alikuja mezani kwangu akiwa na simu mkononi, uso umempauka. Meli ilikuwa imevuka, imeingia Ghuba, imetia nanga nje ya bandari. Alikuwa amezungumza na nahodha. Mpishi alikuwa hai. Alianguka jikoni kwa joto, akapoteza fahamu, sasa ameamka na anatembea. Nahodha ameandika kwamba anafaa kusafiri. Mabaharia wote wangeletwa gatini kwa boti mchana, wapigwe mihuri, wapakiwe kwenye basi dogo hadi uwanja wa ndege, na mtu wa kampuni iliyowaajiri alishafika na tiketi zao.

Nilimpigia Zuhura. Nikasikia akivuta makamasi. Halafu sauti yake ikarudi, kavu.

"Yuwafaa kusafiri?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mtu hawezi kuandika mstari mmoja, ataweza vipi kupanda ndege?"

Nilimfikishia Bwana Kurien swali hilo kama lilivyo. Akafunga mlango. Alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma dua, kwamba yeye hana uwezo wa kumpinga nahodha, wala kampuni isingefurahi, maana baharia akilazwa hapa gharama ni zao na maswali ni yao. Lakini kuna njia moja. Baharia mwenyewe akimwambia ofisa wa uhamiaji, kwa kinywa chake, kwamba ni mgonjwa na anataka hospitali, ofisa hana budi kuita ambulensi. Hakuna anayeweza kumsemea. "Ni lazima aseme mwenyewe," alirudia. "Anaweza, si ndiyo? Ni mtu wa maneno."

Ukumbi wa mabaharia ulikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki na baridi kali ya kiyoyozi. Zuhura aliachwa nje ya lango, juani, kwa sababu hakuwa na kibali. Aliomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino. Mimi nilisimama nyuma ya Bwana Kurien. Mabaharia wakaingia, wengine bado na viatu vyao vizito vya barafuni kwa kukosa vingine, nyuso zimebabuka. Nilimtambua Athumani kwa kuwa ndiye pekee aliyeshikwa mkono. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria. Alitembea kama mtu aliye juu ya sitaha ya meli katika mawimbi, lakini sakafu ilikuwa imetulia. Aliyemshika alikuwa kijana mwembamba.

"Wewe ni Shomari?" nikamuuliza.

"Ndiyo, dada."

"Ana nini?"

Mtu wa kampuni alikuwa hatua chache tu, amekamata bahasha ya tiketi. Shomari akatazama viatu vyake. "Amechoka tu, dada." Sikumlaumu. Alikuwa na mkataba mwingine wa kutafuta.

Ofisa alikuwa kijana wa Kikatari mwenye adabu, kanzu ya sare imenyooka. Alimwita Athumani, akamuuliza jina kwa Kiingereza. Athumani akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mtu aliyejaza uji mdomoni. Silabi zilivutana, zikaangukiana. Ofisa akainua macho. Akauliza tena. Athumani akajaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni, na machozi ya hasira yakamtoka. Mtu wa kampuni akatabasamu, akafanya ishara ya kunywa kwa kidole gumba. Nikaona uso wa ofisa ukijifunga. Katika nchi ile tuhuma ya ulevi si mzaha.

"Hii ni lugha gani?" akaniuliza mimi.

"Kiswahili," nikasema.

"Na wewe ni wa Kenya. Basi fasiri."

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa sijaelewa hata neno moja, na nikisema hivyo, lile tabasamu linashinda. Jambo lililonitoka sikulipanga. Nikamwambia ofisa kwamba Kiswahili ni kimoja kwa jina tu, lakini huyu ni mtu wa Mombasa, wa mji wa kale, na wale wana Kiswahili chao cha ndani ambacho sisi wa bara hatukiwezi. Ni kama Kiarabu cha Morocco kwa mtu wa Doha. Ofisa akatikisa kichwa kwa kuelewa, akatabasamu hata. Inaelekea alikuwa amewahi kuzungumza na mtu wa Morocco. "Nani anakiweza?" akauliza. Nikasema yuko mkalimani, yuko langoni.

Waliomleta walimpa Zuhura karatasi ya kibali ya kubandika kifuani. Aliingia ametota jasho, buibui limemganda, akatembea moja kwa moja hadi mezani bila kukimbia. Sijui alijifunza wapi kutokimbia. Alisimama kando ya mumewe, hakumshika. Alisema kwa upole tu, "Athumani." Yeye akamtazama, midomo ikatetemeka.

"Muulize anataka nini," alisema ofisa. "Kuna ndege leo. Anataka kwenda nyumbani, au ni mgonjwa na anataka hospitali?"

Zuhura akamuuliza, kwa Kimvita chao cha haraka, mkono mmoja ukichora hewani. Athumani akakusanya uso wake wote, akatoa neno. Akalirudia. Na safari hii mimi, mtu wa bara, nililisikia.

Zuhura akamgeukia ofisa. Kwa mchanganyiko wake wa Kiarabu cha majumbani na Kiingereza cha kazini akasema, "Anasema alianguka jikoni. Anasema kichwa chazunguka, mgongo wamuuma hapa na hapa, mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi. Anasema hawezi kupanda ndege. Anataka hospitali."

Ofisa alimtazama yeye, akamtazama Athumani. "Amesema neno moja."

"Kwetu neno moja labeba mengi," alisema Zuhura.

Mtu wa kampuni alianza kusema jambo, na ofisa akainua kiganja. Alikuwa na akili yule kijana. Akanigeukia mimi. "Wewe hukielewi chote, umesema. Lakini kidogo? Umesikia neno gani?"

Nimesoma sana juu ya ukweli, kabla ya siku ile na baada yake. Nimewafundisha watu kuushuku. Nilikuwa msichana aliyetaka kujua ni shehe gani aliyeruhusu saa ya magharibi. Zuhura hakunitazama. Alikuwa akimfuta mumewe mate kidevuni kwa ncha ya mtandio, taratibu, kama mtu anayefuta kioo.

"Hospitali," nikasema.

Ofisa akaandika.

Athumani alilazwa kwa wiki kadhaa. Figo zilikuwa zimeumia kweli, zilipona. Ulimi ulichukua muda mrefu zaidi, na haukurudi wote. Nilimuuliza daktari, Msudani mmoja mwenye subira, kama angekufa iwapo angepanda ndege ile. Akasema hakuna anayeweza kujua. Nikamuuliza mara ya pili kwa njia nyingine, akajibu vile vile. Beatrice, aliyekuwa ameleta uji kwenye chupa, akanivuta mkono. "Wachana na daktari wa watu," alisema. "Mtu ako hai, wewe bado unatafuta risiti?" Kila jioni Zuhura alitoka The Pearl akapitia wodini, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, alituambia, walionana kila siku kwa mwezi mzima. Waligombana mara mbili. Alitusimulia magomvi hayo kwa furaha isiyofichika. Athumani alipopata nafuu akasafirishwa, na miezi michache baadaye Zuhura naye akavunja mkataba, akarudi Mombasa. Mimi nilibaki mpaka mwisho wa mwaka katika kile chumba, nikisoma ripoti za meli nyingine kutoka juu kwenda chini.

Pale Kisauni, jua lilipopoa, nilitoka uani kwenda kumpa Athumani pole. Alikuwa barazani pamoja na wanaume, amekaa kiti cha mwisho, fimbo katikati ya magoti, kikombe mkononi. Nywele zote nyeupe. Akanitambua kabla sijasema. Wenzake wakainuka wakatupisha. Maneno bado yanamgharimu, na mimi sikutaka kuyapoteza yake.

"Siku ile," alisema mwishowe, kila neno akilisukuma. "Bandarini. Mimi sikumbuki. Nilisema nini?"

"Zuhura hakukwambia?"

"Kila nikimuuliza alibadilisha. Mara nilisema nampenda. Mara nilisema nataka chai." Akanitazama. "Yeye hayupo. Umebaki wewe."

Nilifikiria kumpa jibu la tatu, zuri kuliko hayo. Lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyengoja miaka mingi, na hakukuwa na ofisa mbele yetu.

"Ulisema nyumbani," nikamwambia. "Ulilisema mara mbili."

"Nyumbani?"

"Ndiyo."

"Na yeye akasema hospitali."

"Akasema hospitali."

Alikaa akilipima hilo. Kisha mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia, nikanyoosha mkono nimpokee kikombe. Alikuwa anacheka. "Kumbe alinikatalia," alisema. "Alinikatalia! Mbele ya askari!" Chai ikamwagikia kanzu, akaiacha. Wanaume wakageuka, na wanawake ndani wakanyamaza kusikiliza ni nani anayecheka hivyo matangani, naye akaendelea kucheka, akipiga fimbo sakafuni, akisema, "Mwanamke yule. Mwanamke yule."